Moyo Uko Tanga, Damu Imehamia Reading

Maneno haya kuhusu mbu na malaria niliyasema Jumamosi iliyopita kwenye kikao chetu, sisi tuliotoka Afrika Mashariki na Kongo, cha kabla ya safari za Desemba za kwenda nyumbani, hapa Reading, Uingereza. Wengi mlikuwa zamu, mkaomba niyaandike. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, picha za ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na nyie vijana mlioburutwa hapa na wazazi wenu, karibuni. Najua pilau iko nyuma ya mlango ule na harufu yake inahutubia vizuri kuliko mimi. Nitajitahidi.

Naanza na swali. Nani hapa amekata tiketi ya kwenda nyumbani Desemba hii? Nyosheni mikono. Juu, juu, msione haya. Naona karibu nusu ya ukumbi. Haya. Sasa ninyi ninyi mlionyosha: nani ameshachukua vidonge vya kinga ya malaria?

Mikono mitatu. Na mmoja ni wa mume wangu, ambaye hakupewa hiari.

Ndugu zangu, hapa wangekuwa wamekaa Waingereza wanaokwenda Serengeti, mikono yote ingekuwa juu. Wao wanaogopa. Wanabeba dawa ya kujipaka, soksi ndefu, chandarua cha kukunja. Sisi tukiwaona uwanja wa ndege tunapigana viwiko: mtazame, anaogopa mbu! Tunawacheka. Halafu wanaolazwa ni nani? Mwaka 2023 watu waliorudi Uingereza na malaria walizidi 2,000, na hilo lilikuwa halijatokea tangu 2001. Sehemu kubwa si watalii. Ni watu waliokwenda kusalimia kwao. Ni sisi. Mimi ni muuguzi, nasoma majina kwenye vile vitambaa vya mkononi wodini, na ni majina ya watu ambao ningeweza kuwaalika harusini.

Kwa nini sisi? Niwasimulieni aibu yangu mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Muheza. Waliopita barabara ya Tanga wanaijua Muheza kwa machungwa. Tuliokulia pale tunaijua pia kwa homa. Utotoni sikumbuki mwaka uliopita bila malaria. Ukiumwa, unapewa klorokwini, unawashwa mwili mzima mpaka unajisugua ukutani kama mbuzi. Wazee mnacheka kwa sababu mnaikumbuka ile kuwashwa. Siku ya nne uko uwanjani unacheza rede. Kwetu malaria ilikuwa kama mvua: inakunyeshea, unakauka.

Basi nikakaa huku miaka 14 bila kwenda nyumbani. Nilipokwenda, nilikwenda Desemba, wiki tatu. Vidonge sikumeza. Chandarua kilikuwepo, nikawaachia watoto wa dada yangu, nikasema mimi mwenyeji. Jioni nakaa nje na mama tunachambua mchicha, mbu wananila miguu, napiga kofi huku naendelea na hadithi.

Siku ya 11 baada ya kurudi, niko zamu ya usiku, baridi ikanishika. Si baridi ya Januari. Baridi ya ndani ya mfupa, meno yanagongana. Nikajiambia mafua. Asubuhi nikapiga simu zahanati ya mtaani, wakaniambia mafua yamezagaa, kunywa maji, meza panado, pumzika. Sikuwaambia nilikotoka, wala hawakuniuliza. Siku ya tatu mwenzangu wa kazini, Mfilipino, alikuja kunitazama nyumbani. Akaniangalia macho, akayaona yamegeuka manjano. Akauliza swali moja tu: mwezi uliopita ulikuwa wapi?

Nililazwa siku tano. Mimi. Muuguzi. Mtoto wa Muheza.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilikuwa nimefundishwa darasani nikalijibia mtihani bila kuliamini. Ile kinga tuliyokuwa nayo utotoni haikuwa mali yetu ya kudumu. Ilijengwa kwa kuumwa mara kwa mara, na ilidumu kwa sababu mbu walikuwa wanaikumbusha kila wiki. Ukiondoka, inapungua. Mnajua inafanana na nini? Inafanana na Kiswahili cha watoto wetu. Mwanao alipokuwa na miaka minne alikuwa anatukana Kiswahili vizuri kabisa. Leo ana 15, bibi akimpigia simu anajibu "shikamoo" halafu anakupa simu. Kinga yako ndivyo ilivyo. Unadhani unayo. Ukifika kule ukaihitaji, unakuta limebaki neno la salamu tu. Na hawa waliozaliwa huku, hawa waliokaa safu ya nyuma na simu zao? Hao hata salamu hawana. Damu yao haijawahi kukutana na malaria hata siku moja.

Moyo wako uko Tanga, uko Kisumu, uko Bujumbura, uko Bukavu. Sikatai. Lakini damu yako imehamia Reading. Mbu hakuulizi kabila.

Sasa tuje kwenye misimu, maana hapa ndipo tunapodanganyana zaidi.

Nilimpigia dada yangu mwaka juzi nikamuuliza, mbu vipi? Akaniambia: njoo tu, mvua zimeisha. Mvua zimeisha! Mara ngapi mmeisikia hiyo? Jamani, mvua kuisha si mwisho wa mbu. Kwa mbu wa malaria, mvua kuisha ndiyo kwanza sherehe inaanza. Mvua kubwa inayopiga kwa nguvu inasomba mayai yake. Ikitulia, yanabaki madimbwi: nyayo za ng'ombe, alama za tairi za lori kwenye matope, shimo la matofali. Mbu jike anataga humo. Yai mpaka mbu anayeruka, katika joto letu, ni siku kama kumi mpaka wiki mbili. Mbu huyo amng'ate mtu mwenye vimelea vya malaria. Vimelea vinahitaji siku kumi au zaidi kukomaa tumboni mwake ndipo aweze kuviambukiza. Kisha akung'ate wewe, navyo vikae mwilini mwako siku saba au zaidi kabla homa haijaanza. Hesabuni wenyewe. Vuli inanyesha Oktoba, Novemba, mpaka Desemba. Wagonjwa wake wanajaa lini? Desemba na Januari. Na tiketi zetu ni za lini?

Masika nayo, Machi mpaka Mei, wagonjwa wake wanaendelea mpaka Julai. Watu wa kanda ya Ziwa hamna hata haja ya kuhesabu, kule mbu hana likizo. Na wenzetu wa Nairobi na Arusha, najua mnachotaka kusema: kwetu kuna baridi, hakuna malaria. Ni kweli, ni kidogo sana. Lakini Krismasi mnakaa Nairobi? Mnashuka Mombasa, mnakwenda Siaya. Mtu wa Nairobi akishuka Pwani ni mgeni kama mtu wa Reading, tofauti ni nauli tu.

Tena ule usemi kwamba malaria ni ya shamba, mjini hakuna, nao umeanza kuchakaa. Kuna mbu wa malaria kutoka Asia, anaitwa Anofelesi stefensi, anayependa kutaga kwenye matanki na mapipa ya mjini. Barani Afrika alionekana kwanza Djibouti mwaka 2012, akaingia Ethiopia, na mwaka 2022 akapatikana kaskazini mwa Kenya.

Lakini yuko mwingine ambaye hana habari kabisa na kalenda yenu ya mvua.

Nani hapa anatoka Mtwara? Newala? Mzee wangu, Newala! Basi niruhusu nisimulie ya kwenu. Mwaka 1952 uwanda wa Makonde uliingiwa na ugonjwa. Homa ya ghafla, na viungo vinauma mpaka mtu hawezi kunyooka. Wamakonde wakauita kwa jinsi walivyomwona mgonjwa: amejikunja, amepinda. Madaktari waliokwenda kuuchunguza wakalichukua neno hilo la Kimakonde, na leo ukienda hospitali yoyote duniani, iwe Brazil, iwe India, iwe Ufaransa, daktari anasema "chikungunya". Dunia nzima inaumwa kwa Kimakonde! (Kicheko. Mzee wa Newala akasimama, akapigiwa makofi.)

Ila sikilizeni kwa nini ulipiga pale. Uwanda ule ulikuwa na shida ya maji. Yalichotwa mabondeni, mbali, yakatunzwa nyumbani. Na mbu anayeueneza, aedesi, hataki dimbwi la matope. Anataka maji safi yaliyotulia kwenye chombo chako. Sasa rukeni mpaka Lamu mwaka 2004. Kulikuwa na ukame. Watu wakajaza kila chombo walichokuwa nacho. Chikungunya ikaingia, na uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu watatu katika kila wanne kisiwani waliambukizwa. Watatu katika wanne! Ikavuka Komoro, ikafika kisiwa cha Réunion, ambako karibu theluthi ya watu waliugua, ikaenda India. Hiyo ilianza wakati wa ukame, ndugu zangu. Kwa hiyo mtu akikwambia "ni kiangazi, mbu hakuna", muulize: mapipa yenu yana maji?

Mimi nimewahi kuchungulia. Sinza, Dar es Salaam, nyumba ya binamu yangu, maji ya mgao. Uani kuna pipa la bluu, kifuniko kimepasuka. Nikawasha tochi ya simu nikainama. Juu ya maji vinaning'inia vitu vidogo kama vipande vya uzi mweusi, vichwa chini. Nikagonga pipa kwa kidole. Vyote vikashuka kwa mpigo, vinajipindapinda kama vinacheza. Viluwiluwi. Pipa moja lile lingelisha mtaa. Binamu yangu anasema, ah, hao si wa malaria. Kweli kabisa, si wa malaria. Ni wa kidingapopo.

Dengi, kidingapopo, iite upendavyo: ni homa inayoletwa na aedesi huyo huyo. Dar es Salaam iliipata vibaya 2014, ikaipata tena 2019. Na mbu wake anang'ata mchana. Asubuhi unapokunywa chai uani, alasiri unapokaa saluni unasukwa. Ukimtazama karibu ana madoa meupe miguuni, kama amevaa soksi za mistari. Yule wa malaria ni wa usiku, kuanzia giza linapoingia mpaka alfajiri, na akitua anainamisha kichwa na kuinua makalio juu. Adabu hana hata akiwa amekaa.

Kwa hiyo chandarua peke yake hakikutoshi, kwa sababu mchana hulali. Na dawa ya kujipaka peke yake haikutoshi, kwa sababu usiku unalala nayo inaisha nguvu. Huyu wa mchana, huyu wa usiku, na ngozi yako ni moja.

Sasa, tufanyeje? Naombeni mnivumilie kwa hadithi moja ya msiba, maana wengi wetu hatusafiri kwa starehe. Simu inapigwa saa nane usiku: baba amefariki. Asubuhi umekata tiketi, jioni uko angani. Nani anakumbuka vidonge? Nilimsindikiza rafiki yangu hivyo hivyo, kwao Rufiji. Siku saba alilala na kina mama juu ya mkeka, barazani, watu wawili wamejifunika khanga moja. Huwezi kufika msibani ukadai chumba chenye feni. Watakwambia umekuwa Mzungu. Alirudi na malaria, na sikumlaumu hata kidogo.

Lakini sikilizeni. Viko vidonge, atovakwoni na proguanili kwa pamoja, ambavyo unaanza siku moja au mbili kabla ya kuingia kwenye malaria, kila siku ukiwa kule, na siku saba baada ya kutoka. Mfamasia anaweza kukuhudumia siku hiyo hiyo. Pitia ukielekea uwanja wa ndege. Ukichelewa kabisa, umeze leo, usiseme basi tena. Kuna doksisaiklini, ya bei nafuu, lakini hiyo unaendelea nayo wiki nne baada ya kurudi, haifai kwa wajawazito wala watoto wadogo, na jua linakuunguza haraka. Kuna meflokwini, ya kumeza mara moja kwa wiki, ila inaanzwa wiki mbili tatu kabla, na aliyewahi kuugua sonona au maradhi ya akili asiiguse. Mimi siwapi dozi hapa, kila mtu na mwili wake, nendeni mkaulize. Najua ni hela. Familia ya watu watano, hela inauma. Lakini nimeona masanduku yenu: kilo 46 za zawadi kila mmoja, viatu vya mjomba, manukato ya shangazi. Toeni pea moja ya viatu.

Na tafadhali, msiniambie mtanunua klorokwini mkifika. Vimelea vya kwetu viliizoea dawa hiyo zamani. Tanzania iliiacha mwaka 2001, na dawa mseto ndiyo inayotibu sasa. Mseto ni tiba, si kinga. Mwarobaini nao, naupenda, bibi yangu alininywesha, mchungu mpaka masikioni, lakini haukuzuii kuugua. Kivumbasi dirishani kina harufu nzuri. Vitunguu saumu vitawafukuza wageni, mbu watabaki. Na wewe kijana, ile programu ya simu inayolia kufukuza mbu, ifute upate nafasi ya picha.

Dawa ya kujipaka: tafuteni chupa iliyoandikwa DEET asilimia 50. Watoto wachanga chini ya miezi miwili msiwapake, wao wekeni chandarua juu ya kitanda au kigari. Mafuta ya jua yanatangulia, dawa ya mbu inafuata juu yake. Jasho likikutoka, paka tena. Pakeni vifundo vya miguu, huko ndiko mbu anakopenda mkiwa mmekaa barazani. Tena sisi tumebarikiwa mavazi. Kanzu, dera refu, suruali pana ya kitambaa chepesi: unahitaji nini zaidi? Magharibi ikiingia, vaa. Unakwenda Forodhani kula urojo, vaa. Zanzibar malaria ilishuka sana, kwa miaka mingi ilikuwa chini ya asilimia moja, lakini haijaisha, na kidingapopo hakijali.

Wajawazito, na hapa sifanyi mzaha. Malaria kwa mjamzito inaweza kumpoteza mama, inaweza kumpoteza mtoto. Kama safari inaweza kusubiri, isubiri. Kama haiwezi, njoo tuongee kabla hujalipa.

Homa ya manjano nitaipita haraka: ukiunganisha ndege Addis Ababa au Nairobi ukakaa zaidi ya saa 12, Tanzania inaweza kukudai cheti. Chanjo inapigwa siku kumi kabla, na cheti kinadumu maisha yako yote. Kitafuteni kwenye lile begi la karatasi mnalolijua wenyewe.

Na mkirudi? Hapa ndipo nilipoangukia mimi. Malaria ya kwetu mara nyingi inajitokeza ndani ya miezi mitatu, lakini homa yoyote ndani ya mwaka mzima, kwanza fikiria malaria. Hata kama ulimeza vidonge vyote. Ukipiga simu, sentensi ya kwanza isiwe "nina homa". Sentensi ya kwanza iwe: "Nimetoka Tanzania." Au Kenya, au Kongo. Semeni nami, kwa Kiingereza chenu cha simu, cha kubana pua. Nimetoka Tanzania, nina homa, naomba nipimwe malaria leo. Leo, si Jumatatu. Wakikwambia mafua, rudia. Wakikwambia subiri, nenda hospitali, kaa pale mapokezi, rudia.

Na wakati homa hiyo haijajulikana ni ya nini, meza panado tu. Asprini hapana, ibuprofeni hapana. Ikiwa ni kidingapopo, zinaweza kukuletea kutokwa na damu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimemaliza, ila nimebeba chandarua hiki, na sitakirudisha nyumbani bila kukifungua. Mnasema neti mnazijua. Haya, wewe kijana mrefu, njoo ushike kona hii. Mama Asha, kona ile. Mnaona? Kikifika sakafuni hivi kinaning'inia, mbu anaingia kwa chini anakusubiri. Lazima kichomekwe chini ya godoro, pande zote, kabla giza halijaingia, si wakati unakwenda kulala. Na mkono wako ukigusa neti usingizini, anakung'ata kupitia hapo hapo, kwa hiyo kiwe kipana kuliko kitanda. Hiki ni cha nyumbani kwangu, na kina tundu. Moja tu. Upana wa kidole gumba. Liko mahali fulani upande huu.

Watoto wa nyuma, wekeni simu, njooni. Atakayeliona kwanza anakula pilau kwanza.